Dagaa wa Mama Nyangeta na Panya Sita

Juzi mliponitembeza kwenye nyumba yenu mpya ya wanyama wa maabara nilinyamaza sana, mkadhani mzee amechoka na ngazi. Sikuchoka. Nilikuwa nawaangalia mnavyowashika panya. Yule binti mwenye miwani anashika vizuri, kwenye shina la mkia, halafu kiganja cha pili anakiweka chini ya miguu mnyama asining'inie. Yule kijana mrefu anashika kwenye ncha, anainua kama mtu anayetoa soksi kwenye ndoo. Mwanangu, punguza. Panya ukimtisha asubuhi, mchana ukija na sindano atakukumbuka, na wewe utamkumbuka kwa kidole.

Mkaniomba niwaandikie tulivyokuwa tunafanya kazi hii zamani, Mwanza ile ya magugu maji na mitumba. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule yangu ni darasa la nne, na hilo la nne nililisoma akili nusu iko darasani na nusu iko kwa ng'ombe wa baba, kwa hiyo msitafute mpangilio humu. Nikipotea njia nisubirini, nitarudi.

Mlinieleza kwamba siku hizi mnachukua seli za mtu, mnavirekebisha vinasaba vyake humo humo ndani, halafu mnaziweka kwa panya mwone kama virusi vitashindwa kuingia. Nikatikisa kichwa kama naelewa yote. Nusu nilielewa kweli, kwa sababu panya wenyewe ni ndugu wa wale wangu. Ni panya waliozaliwa bila kinga mwilini.

Mkuu wetu alikuwa Dokta Kokusima, mama wa Kihaya, mpole wa sauti na mkali wa macho. Siku yangu ya kwanza ya kulisha panya alinieleza kwa mambo ninayoyajua. Akasema, Baba Kulwa, huyu panya ni zizi lisilo na mbwa. Panya wa kawaida ukimwekea chembe za damu ya binadamu, mwili wake unabweka na kuzifukuza. Huyu hana wa kubweka. Zinaingia, zinakaa, zinaishi. Sasa virusi vya Ukimwi havina habari kabisa na panya, lakini vikimkuta huyu vinakuta kuna kipande cha mtu ndani, vinakishambulia. Kwa hiyo dawa ukitaka kuijaribu unaijaribu hapo, kabla hujamgusa binadamu wa watu. Halafu akanyoosha kidole. Lakini zizi lisilo na mbwa, akasema, linaingiliwa na kila mpita njia. Uchafu kidogo tu, mdudu wa tumbo ambaye wewe wala humsikii, huyu anakufa. Kazi yako ni kuwa mbwa.

Nimesikia maelezo mengi tangu hapo, na mashine za picha ukutani. Sijapata yanayoshinda hayo.

Nilifikaje pale? Nilikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ukaja ule wakati wa mageuzi, kila kitu ruksa, viwanda vinatafutiwa wenyewe wapya, na sisi tukaitwa uwanjani tukaambiwa tumepunguzwa. Neno zuri hilo, kupunguzwa, kama nywele. Nilikaa nyumbani Igoma karibu mwaka mzima. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walikuwa wameanza shule, na mke wangu ndiye alikuwa anatulisha wote kwa vitumbua alivyokaanga mbele ya gereji. Mwanaume ukila kitumbua cha mkeo kila asubuhi mwaka mzima unaanza kukitafuna polepole sana. Ndipo nikasikia kuna maabara ndogo ya utafiti njia ya kwenda Butimba inatafuta mfagiaji.

Nikaenda kufagia. Aliyekuwa analisha panya akaacha baada ya wiki mbili, akisema kwao panya wanauawa na yeye hawezi kuwapikia. Dokta akaniuliza nimewahi kufuga nini. Nikasema ng'ombe. Akaniuliza ng'ombe anayetaka kuugua unamjuaje. Nikasema kabla hajaugua anaacha kusikiliza. Wenzake wakigeuza masikio yeye hageuzi. Akasema kesho njoo saa moja. Namshukuru mpaka leo kwa swali lile. Angeniuliza cheti tungeagana pale pale.

Na kweli, panya ni hivyo hivyo. Mkiingia chumbani msikimbilie vizimba. Simameni mlangoni, mgongeni kucha zenu mara moja ukutani, muangalie masikio. Yule asiyegeuka, mwandikeni.

Sasa niwape na Mzee Kondo. Huyu alikuwa fundi sanifu wetu wa maabara, Mzaramo wa pwani aliyeletwa Mwanza na kazi, akaoa huku, akazeeka huku, asiache kulalamika kwamba maji ya ziwa hayana chumvi. Mimi Msukuma. Nyinyi wa siku hizi sijui kama utani mnaujua, lakini Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za babu zetu walioteremka pwani na mizigo. Mtani anaweza kukuchukulia kofia kichwani usikasirike. Anaweza kukutukana msibani mbele ya wakwe. Kondo alinipokea kwa kumwambia Dokta kwamba amefanya vizuri kumpata Msukuma, maana panya akitoroka, Msukuma atamchunga mpaka Shinyanga. Nami nikamwambia Dokta asimpe Mzaramo funguo, atasikia ngoma mahali aende nazo, tumwone baada ya siku saba.

Lakini kazi alinifundisha yeye. Alinifundisha kuanza na vizimba vya wazima na kumalizia na vya wagonjwa, wala usirudi nyuma hata kama umesahau ufagio. Alinifundisha kubadili nguo zote mlangoni, mpaka mkanda. Maranda ya kulalia tulikuwa tunayachukua kwa maseremala wa Igoma, na Kondo alikuwa anayanusa gunia zima kwa pua yake mwenyewe, kwa sababu mbao iliyopakwa dawa ya mchwa inaua panya kimya kimya. Tulichemsha kila kitu kwenye mashine ya mvuke: maranda, maji, chakula chao cha vipande vikavu, hata vitambaa. Umeme ukikatika, na wakati ule ulikuwa unakatika kama mtu mwenye kwikwi, tulikuwa na pipa la mvuke juu ya jiko la mkaa huko uani. Nimepuliza mkaa kwa ajili ya sayansi, msicheke.

Na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi. Siku ukiwaona kule mbali juu ya maji, funga kila tundu, ziba chini ya mlango kwa kitambaa kibichi. Siku moja nilichelewa, wakaingia mpaka kwenye chai ya Kondo. Akanywa. Akasema kwao nyama watu huilipia, hii imekuja bure.

Nilikuwa naelekea kwa Mama Nyangeta. Nimefika.

Damu ya kuwawekea panya ilitoka kwa watu wazima wa afya waliokubali wenyewe. Walikuwa wanapimwa kwanza, wanaelezwa, wanatolewa damu kidogo mkononi, Dokta na Kondo wanatenga zile chembe za kinga, kisha panya anachomwa sindano tumboni. Lakini mjini maneno yalianza. Wakasema tunanyonya watu damu kuwapa panya wa Wazungu, wakasema ni mumiani. Mtaani kwangu waliacha kuniita Baba Kulwa, wakaniita Baba Panya, na mke wangu akaulizwa kama vitumbua vyake ni salama. Dokta hakugombana na mtu. Alitoboa dirisha kwenye ukuta wa chumba cha panya, akaweka kioo, akasema aliyetoa damu aje aone inakokwenda.

Wengi hawakuja. Mama Nyangeta alikuja.

Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kule mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, mama wa Kijita kutoka upande wa Mara, mwili mkubwa, sauti ya mtu aliyezoea kubishana na upepo. Mtoto wake wa kwanza, Nyangeta mwenyewe, alikuwa amefariki kwa Ukimwi miezi michache nyuma, na mdogo wake mama huyo alikuwa amelala nyumbani anaumwa hivyo hivyo. Dawa za kweli wakati ule hazikuwepo kwetu. Watu walikuwa wanazikana tu. Ndiyo sababu alikuja kutoa damu, wala hakuhitaji kubembelezwa.

Tuliwawekea chembe zake panya kumi na wawili, tukawaambukiza virusi. Sita vizimba vyao vilikuwa karibu na dirisha, hao walikuwa wanapewa dawa mpya ambayo Dokta alikuwa anaijaribu pamoja na wenzake wa mbali. Sita wengine, kule ukutani, hawakupewa. Mwisho wa majuma kadhaa tungelinganisha. Shikeni hapo, sita wa dirishani na sita wa ukutani, kwa sababu kosa langu limekaa hapo katikati.

Mama Nyangeta akaja kuangalia, wiki ya pili. Alisimama kwenye kioo muda mrefu, amekunja kitenge kifuani. Akaniuliza ni wapi walio wake. Nikamwonyesha wale wa dirishani, maana ndio waliokuwa wanaonekana vizuri. Akasema, wadogo hivi. Akasema, yule anafanana na mimi, anakula amesimama. Tukacheka. Halafu akafungua kikapu akatoa kifurushi cha gazeti, ndani yake dagaa wakavu, wakubwa, weupe, aina anayobaki nayo muuzaji kwa ajili ya nyumbani kwake.

Nikaanza kumwambia kwamba hawa wana chakula chao. Hakupandisha sauti. Akasema:

"Mwanangu aliondoka bila hamu ya kula, kaka. Mwezi mzima nilikuwa nasaga dagaa kwenye uji, anageuza uso. Hawa wana damu yangu na wana hamu. Wape."

Nyinyi mmesoma, mngesema hapana. Mimi nimelelewa mahali ambapo mgeni akileta chakula unapokea kwa mikono miwili, na mama aliyefiwa akikupa chakula, kukikataa ni kama kumwambia msiba wake unanuka. Nilipokea. Ningeweza kukitia mfukoni. Hilo silo nililofanya, na sitawadanganya kwamba nilisahau sheria. Niliijua. Nilijiambia dagaa hawa wamekaushwa na jua kali siku tatu, mdudu gani atabaki. Na nilijiambia neno jingine, ambalo ni baya zaidi: kwamba panya wale walikuwa wamekonda, na ng'ombe aliyekonda mimi namjua dawa yake. Mama akiwa bado upande wa pili wa kioo, nikabadili nguo, nikanawa, nikaingia, nikawavunjia vipande vidogo, kila kizimba kidogo. Wale sita wa dirishani. Kifurushi hakikutosha kufika ukutani.

Walikula, jamani. Walikula kama wako harusini. Yule mama alilia kwa furaha nyuma ya kioo, akaondoka.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba dagaa wanakaushwa juu ya mchanga, pale ufukweni, na juu ya mchanga huo wanapita kuku, mbwa, na watoto wasio na suruali. Kwangu na kwako si kitu, tunaosha tunakaanga. Kwa zizi lisilo na mbwa, nilikuwa nimefungua lango nikawakaribisha fisi kwa majina.

Siku ya tatu niligonga ukuta, masikio mawili hayakugeuka. Siku ya nne mmoja amekufa, maranda yake mabichi kwa kuhara. Siku ya tano wawili. Ndani ya wiki wale sita wote wamekwisha. Wale wa ukutani, wasiopewa dawa, wanakula vipande vyao wanasikiliza.

Mmeona? Aliyekuwa anaangalia vitabu vya Dokta angeona kitu kimoja tu: waliopewa dawa wamekufa, wasiopewa wapo hai. Dokta aliangalia hivyo hivyo. Hakulia, lakini alikaa ofisini mlango wazi na chai yake ikapoa mbele yake. Akamwambia Kondo, nami nikiwa hapo na deki, kwamba dawa ni sumu. Kwamba ataandika Ijumaa kwa wenzake waiache, wasipoteze muda, waende kwenye nyingine. Kondo akauliza kama hakuna kingine. Akasema chakula ni kile kile, maji ni yale yale, mlishaji ni yule yule.

Mlishaji nikaendelea kupiga deki.

Nataka muelewe kimya changu kilikuwa cha namna gani, maana na nyinyi kitawajia. Hakikuwa cha uovu. Kila nilipofungua mdomo niliwaona Kulwa na Doto na sare zao, nikaona kikaango cha mke wangu mbele ya gereji, nikasema nitasema kesho. Nikasema tena, labda kweli ni dawa, mimi ni nani. Jumatatu ikapita, Jumanne. Jumatano nilifikiri hata kuacha kazi bila kusema, niwaachie sumu yao. Lakini nilikuwa nikipita mwaloni kupanda gari, namwona yule mama kwa mbali anapima dagaa kwa kopo, na ninajua nyumbani kwake kuna mdogo wake amelala. Kama dawa ile ilikuwa na chochote ndani yake, nilikuwa nimeitupa kwenye maji kwa ajili ya mshahara wangu.

Alhamisi tukatoka kuwachoma. Panya wetu waliokufa tulikuwa tunawahifadhi kwenye barafu mpaka Dokta amalize kuwakagua, kisha tunawapeleka kwenye tanuri la uani. Nimebeba sinia, Dokta yuko nyuma yangu na daftari la kuhakiki. Kufika, tukamkuta Mzee Kondo amejilaza chini mbele ya mlango wa tanuri, koti lake jeupe limetandazwa kama mkeka, mikono kichwani.

Waliowahi kuona mazishi ya zamani wanalijua jambo hili. Mtani anaweza kulala mbele ya jeneza, au ndani ya kaburi lenyewe, akasema mtu wenu hazikwi mpaka nipewe changu. Wafiwa wanacheka huku wanalia, wanampa kitu, anaondoka. Dokta akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akasema, Mzee Kondo, inuka, utachafuka.

"Siinuki," akasema Kondo. "Huyu Msukuma amefiwa na watu sita na hajatangaza msiba. Mimi mtani wake sijapewa hata kahawa. Maiti hawa hawapiti hapa."

Dokta akamwuliza anataka nini.

"Sitaki kitu kikubwa. Kwetu marehemu akizikwa, mfiwa anasimama anaeleza. Aliumwa lini, alitibiwa wapi, mara ya mwisho alikula nini. Mtani asimame atueleze. Hasa hilo la mwisho."

Alikuwa ananiangalia kutoka chini pale, kichwa kimegeuka, na hakuwa anacheka. Baadaye sana aliniambia kwamba alikuwa ameona kichwa cha dagaa kwenye maranda ya kutupa, siku ya pili tu, na kwamba alikuwa akisubiri nilete mwenyewe. Angeweza kwenda kwa Dokta kwa mdomo wake. Ningefukuzwa, na angekuwa na haki. Badala yake alinitandikia koti lake chini nipite juu yake. Kama kuna mtu ninayemwombea kila Jumapili bila kukosa, ni Mzaramo yule.

Nikaweka sinia chini, kando ya koti. Nikasema, "Dokta, walikula dagaa. Niliwapa mimi. Dawa haikuwaua."

Halafu nikaeleza yote, kama nilivyowaeleza nyinyi, mpaka kuku wa mchangani. Kondo akainuka taratibu, akakung'uta koti, akaondoka zake ndani. Mtani akishapewa chake haondoki na maneno.

Dokta Kokusima alifungua daftari. Kisha akauliza ni lini, saa ngapi, kiasi gani, vizimba vipi, akaandika kila jibu. Alipomaliza akafunga daftari. Nilikuwa nimeshaanza kuvua glovu nimwachie. Akaniuliza ninavua kwa nini. Nikasema naelewa kwamba nimefukuzwa.

Akasema, "Baba Kulwa, nikimfukuza anayesema, nitabaki na wasiosema. Vaa. Kesho nilitaka kuandika uongo kwa watu wanaoniamini, umenizuia. Sasa nenda ukamwombe yule mama damu tena, maana hatuna nyingine ya kulinganisha nayo. Na umweleze kwa nini."

Ningependa zaidi kufukuzwa, nawaambia ukweli.

Nilimkuta mwaloni, katikati ya marundo yake. Nilimwamkia kwa heshima, akanivutia ndoo nikae. Nikamweleza kwamba wale sita wamekufa, wamekufa kwa wadudu wa kwenye dagaa, na kwamba kosa si lake ni langu, mimi niliyejua na nikapokea. Alichukua muda akichambua dagaa, anatupa wadogo upande huu, wakubwa upande ule. Wanawake wenzake wakasogea kutusikiliza.

Akaniuliza kama wameteseka. Nikasema kidogo. Akaniuliza kama mimi nilijua tangu mwanzo kwamba si vizuri. Nikasema ndiyo.

"Kwa nini hukusema hapana?"

"Niliona aibu, mama. Umefiwa."

"Kaka," akasema, "mimi hapa nakataliwa kila siku. Anakuja mtu na gari ananikatalia bei, dereva ananikatalia mzigo, benki imenikatalia mpaka wananijua kwa jina. Wewe peke yako ndiye umeniogopa, na wewe ndiye umeniulia."

Wenzake wakaguna. Mimi nikainamisha kichwa. Akaendelea kuchambua, kisha nikaona mabega yake yanashuka. Akasema mdogo wake ameamka vizuri asubuhi ile, amekunywa uji. Akafunga marundo yake kwa turubai, akamwambia jirani amwangalizie, akasema twende, huo mkono wenyewe ndio huu.

Ile mara ya pili alikuja kila wiki kusimama kwenye kioo. Hakuleta kitu. Alikuwa anafunga mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtu aliyeingia duka la vyombo. Mimi niliwalinda panya wale kama sikuwahi kulinda ng'ombe. Nilichemsha mpaka kamba za viatu vyangu. Wote kumi na wawili walifika mwisho wa hesabu wakiwa hai, na waliopewa dawa walikutwa na virusi vichache kuliko wenzao. Haikuwa tiba. Dokta aliwakataza watu kuiita tiba, na mdogo wake Mama Nyangeta hakuipata, alizikwa kabla ya mvua. Mama alikuja kutuambia mwenyewe, akakaa na sisi uani, tukanywa chai naye. Lakini dawa ile haikutupwa. Ilisonga mbele kwa wengine, mikononi mwa watu nisiowajua, na mimi kwa wiki moja nilikuwa nimeikalia.

Kuanzia hapo Dokta aliweka sheria ya zawadi, na hii nawaachia, itumieni. Mtoa damu akileta chakula, usikikatae wala usiwape panya. Kipokee kwa mikono miwili, shukuru, kaa naye kitako uani, ukile wewe mbele ya macho yake mpaka mwisho. Watu walileta karanga, viazi, michembe ya viazi vilivyokaushwa, hata sangara mzima kwenye gunia. Kondo alinenepa mpaka koti likagoma kufungwa. Hakuna aliyewahi kuondoka amekasirika, na hakuna panya aliyewahi kuonja.

Miezi ikapita. Siku moja Kondo akaniita kwenye meza yake, ana karatasi zilizotoka kupigwa chapa, za Kiingereza. Ni ile ripoti. Akasema Dokta ameandika habari zote mbili, ya mara ya kwanza iliyoharibika na ya mara ya pili, ingawa angeweza kuandika hiyo ya pili tu na asingejua mtu. Nikamwuliza ameandika nini kuhusu mimi. Akavaa miwani, akatafuta mstari, akanisomea kwa Kiswahili: panya sita wa mwanzo hawahesabiwi, walikula chakula kisichochemshwa, haya tumeyajua kwa sababu mlishaji wao aliyasema.

Nikamwomba asome tena. Akasoma. Nikamwomba anionyeshe neno lenyewe liko wapi, hilo la mlishaji, na bila kunitania hata kidogo akanishika mkono, akauweka mahali pake, nikabaki nimeweka kidole pale mpaka tulipoitwa kwenye chai.